Maganda ya Marisau ya Kale: Ununue Lipi Kwanza Ukiwa Nairobi

Tuanze na lile linaloweza kukulaza korokoroni. Risasi yenye baruti ndani ni risasi, hata kama ilitengenezwa kabla reli haijafika Nairobi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inadai cheti, na askari atakayeikuta kwenye droo yako hataketi kusikiliza habari za ukusanyaji. Kwa hiyo hapa nazungumzia maganda matupu ya bunduki za marisau (shotgun), fataki, kile kidude kinachowasha baruti, ikiwa imeng'olewa kitakoni, pamoja na makopo na karatasi zake. Kabla ya kutoa pesa, mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni alikague na akuandikie kwamba ni tupu. Ukibaki na shaka, waulize Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha kwanza. Na usiagize chochote kutoka ng'ambo kwa posta ukitumaini forodhani watakuwa wamelala.

Haya, tuje kwenye utamu wenyewe, ambao ni geji, yaani kipimo cha tundu la mtutu. Chukua ratili moja ya risasi, nasema ile madini nzito (Kiswahili kimeyapa madini na kinachotoka mtutuni jina moja), uigawe katika gololi 12 zilizo sawa. Upana wa gololi moja ndio upana wa mtutu wa geji 12, milimita 18.5. Ukiigawa mara nne tu, kila gololi inakuwa robo ratili, nayo hiyo ni geji 4, karibu milimita 27. Namba ikipanda, tundu linapungua. Ile ndogo iitwayo 410 haimo katika hesabu hii kabisa. Namba yake ni kipenyo kwa sehemu za inchi, na ingepimwa kwa gololi ingekuwa kama geji 67.

Geji 12 imejaa dunia nzima. Pesa ziko kwingine: kwenye kubwa mno, ndogo mno, na zile za katikati ambazo karibu zote zilisahauliwa.

Mimi ningeanza na geji 8 ya shaba. Ganda lake lina urefu wa inchi tatu na robo hivi, zito mkononi, na shaba inastahimili mvua za Machi hadi Mei bila kuvimba kama karatasi. Isome kitako kabla ya kutazama kitu kingine. Ikiandikwa ELEY BROS LONDON, ni ya kabla ya viwanda vya Uingereza kuunganishwa mwaka 1918. Ikiandikwa ELEY-KYNOCH, ni ya baadaye. Kwa Wamarekani, UMC peke yake ni ya zamani kuliko REM-UMC, maana kampuni ya UMC iliungana na Remington mwaka 1912. Bei isifuate maneno ya muuzaji, ifuate herufi hizo. Halafu jihadhari na geji 8 ya plastiki. Maganda ya plastiki yalianza kuuzwa mwaka 1960, na hata leo geji 8 hutengenezwa kwa ajili ya viwanda, kupiga mabonge yaliyoganda ndani ya matanuri ya saruji. Nimeona moja ikinadiwa kama "ya kuulia tembo". Labda tembo wa saruji.

Beba kalipa ya kupimia na sumaku. Shaba haivutwi, kwa hiyo sumaku ikinasa ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Na ukishanunua, tafadhali, usiisugue kwa Brasso. Ule weusi wa miaka mia moja ndio uliolipia.

Nafasi ya pili naipa makopo na makasha matupu ya risasi, orodha za bei za wauza bunduki, na lebo. Wakusanyaji wengi wa hapa huzidharau, nami nashukuru, maana bei hubaki ya kibinadamu. Hazina baruti wala fataki, hakuna askari atakayeziulizia, na kasha la geji 24 ni adimu kuliko ganda lenyewe kwa sababu watu walilitupa siku lilipoisha. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na vitu vya aina hii vikabaki kwenye stoo za nyumba za zamani, vikiwekewa misumari na vifungo. Nenda kwenye minada ya vitu vya nyumbani, na ufungue kila kopo la misumari. Ukikuta risasi nzima humo, usiiguse. Mwambie mwenye nyumba aite polisi.

Tatu ni geji za katikati za karatasi: 14, 24, 32. Zinapendeza, zina rangi zilizofifia kama khanga ya zamani, lakini mchwa na unyevu wanazipenda kuliko wewe. Nunua ikiwa mdomo haujapasuka. Zihifadhi mbali na ukuta wa nje.

Nne, na hapa nitagombana na wengi, ni geji 4. Ndiyo kila mtu anaiota, na ndiyo sababu nimeishusha. Nilipoanza, kijana mmoja wa vyuma chakavu aliniambia, "Mzee, hii ni ya mkoloni, ilikuwa ya Selous mwenyewe." Nikatoa shilingi 3,500 bila kupima. Nyumbani nikagundua ni fupi kama kikombe cha kahawa: ganda la bastola ya ishara, zile za kurusha moto wa rangi angani. Geji 4 halisi ina urefu wa inchi nne hivi. Na kama ningefikiri dakika moja, hata jina lingeniokoa. Bunduki za geji 4 ambazo Frederick Selous, yule mwindaji maarufu wa Kiingereza, alianza nazo kuwinda tembo miaka ya 1870 zilikuwa gobore, zinashindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Gobore haina ganda! Tena mwaka 1898 mtengeneza bunduki John Rigby alitoa risasi nyembamba lakini kali, .450 Nitro Express, na wawindaji wakaanza kuziacha zile kubwa zinazovunja bega. Nairobi yenyewe ilianza mwaka uliofuata. Kwa hiyo geji 4 "iliyookotwa hapa hapa" inahitaji maelezo marefu. Usinunue bila kuisikia historia yake na kuipima.

Zile za pini nimeziweka mwisho kwa sababu ya usalama tu. Ni ubunifu wa Mfaransa Casimir Lefaucheux wa miaka ya 1830: kijiti cha shaba kinachomoza ubavuni, nyundo inakipiga, fataki iliyo ndani inawaka. Kwa macho hakuna kizuri kuzidi hicho. Shida ni kwamba kwa nje huwezi kuiona fataki, na ikiwa nzima, kuidondosha tu sakafuni kunatosha. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki. Pini ikiwa imezama hadi chini, huenda ilishapigwa. Ikiwa imesimama, usiibebe kwenye matatu, mwache fundi aje ilipo.

Geji 12 ya karatasi, 16 na 20? Ukipewa bure, na ni tupu, pokea.