Wakala wa bima: uendelee kuuza au uongoze timu?

Nchini Kenya, wakala wa bima ya maisha aliyefaulu mtihani wa COP (cheti cha umahiri wa bima) na kupata leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima, hufika njia panda: aendelee kuuza, au aongoze timu?

Muuzaji hula jasho lake. Kamisheni ya mwaka wa kwanza ni nono, kisha hupungua. Kinachomweka mjini ni wateja wasioacha kulipa. Ndiyo maana anayemwandikia mwalimu bima inayomeza mshahara anajichimbia kaburi: miezi michache tu makato yanasimamishwa, bima inakufa, na kampuni inaweza kumdai arudishe kamisheni aliyolipwa.

Meneja hupata sehemu kutokana na mauzo ya mawakala wake. Inavutia, lakini siku yake huliwa na usaili, mafunzo na kuwasindikiza mawakala wapya kwa wateja, na wengi wao huacha kabla hawajazoea kukataliwa. Isitoshe, uongo wa wakala humrudia yeye mezani, mjane aliyenyimwa malipo ameshika fomu ya bima ambayo haikutaja kisukari cha marehemu.

Mimi ningesubiri. Ambaye wateja wake mwenyewe wanamponyoka atafundisha nini? Ila kama unafurahi zaidi mwenzio akipata mteja kuliko wewe, chukua timu, ukishauliza wateja wako wa zamani watabaki kwa nani.