Nta ya nyuki ya banda la nyuma ya soko, Tabora: nunueni nta, mishumaa yao waachieni

Mwenye haraka asome hapa tu, aendelee na shughuli zake. Nta inayouzwa kwenye lile banda la mazao ya nyuki nyuma ya soko, mjini Tabora, ni nta ya kweli na bei yake inavumilika. Mishumaa yao iliyokwisha tengenezwa haifai. Tambi zao ndiyo kabisa, usiziguse. Unayetaka kutengeneza vitu vya Krismasi nyumbani, nunua nta pale, mengine yote fanya kwa mikono yako.

Msimu wenyewe ndio huu. Oktoba ya Tabora haina utani: joto linapanda mpaka nyuzi 32 na kuzidi, vumbi limetulia juu ya kila kitu, na watu wanaangalia mawingu wakisubiri mvua ya Novemba. Shamba halijaanza, kwa hiyo mikono ipo. Huyu anafuma vitambaa vya makochi, yule anapiga chokaa ukuta wa mbele kabla wageni wa Dar hawajashuka stesheni. Mimi sehemu yangu ni mishumaa na viti. Mishumaa kwa sababu mimi ni Mmoraviani na nina watoto wa shule ya Jumapili. Viti kwa sababu mama aliniachia seti ya mninga ambayo sitaki fundi yeyote aisogelee na kopo la vanishi.

Tuanze na nta. Ipo mezani kwa mabonge yenye umbo la beseni iliyogandia, chini bado yana ukoko wa kahawia. Babu anayeuza hana shida ukitaka kuichokonoa. "Mwangaluka mayu, vunja uone," ndiyo salamu yake kwangu. Basi na wewe vunja. Nta halisi mahali ilipovunjika huonyesha punjepunje. Kwangua kidogo kwa ukucha, halafu finyanga yale makombo kati ya vidole: ya kweli hulainika kwa joto la mkono na kushikana, iliyochanganywa parafini huteleza na kupukutika. Kisha nusa. Hii inanukia asali, na kwa mbali moshi wa warina asali. Ukikuta bonge limeota utando mweupe kama ukungu usilikatae. Nta safi ikikaa muda hutoa utando huo wenyewe, ukipitisha kitambaa chenye uvuguvugu unaondoka. Nimeona mama mmoja analirudisha bonge la namna hiyo mezani akachagua lingine linalong'aa, nikalichukua mimi.

Kilo ni shilingi 14,000 na nusu anakupimia. Wapo wanaoguna. Mimi siguni, kwa sababu inakadiriwa nyuki wanakula kilo 6 hadi 8 za asali ndipo watoe kilo moja ya nta. Babu anasema yake inatoka upande wa Sikonge, kwenye mizinga ya magome, ile inayobanduliwa kwenye mtundu na myombo na kutundikwa juu mitini. Rangi yake ya udongo inakubaliana na maneno yake. Kwenye mzinga wa magome mrina hukata sega zima, asali na nta vinashuka pamoja. Kwenye mzinga wa fremu asali ikishakamuliwa, masega yanaweza kurudishwa kwa nyuki wakayatumia tena. Ndiyo sababu watu wa mizinga ya asili wana nta ya kuuza. Na biashara yenyewe ni ya zamani: nta ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyotoka Unyamwezi kwenda nje enzi za Mjerumani, hata kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Kasoro ya nta yao ni uchafu. Kuna gundi ya nyuki, kuna vipande vya gome, kuna miguu ya nyuki, na yote hayo umelipia kwa kilo. Nilimwambia babu wachuje mara ya pili, akacheka: "Tukichuja tena mayu, na bei nayo inachujwa kwenda juu." Haya. Nyumbani unaiyeyusha pamoja na maji ndani ya sufuria ya alumini, usitumie chungu cha chuma maana chuma huifanya iwe nyeusi. Unapitisha kwenye kipande cha kanga iliyochakaa, unafunika sufuria kwa blanketi ili ipoe taratibu usiku kucha. Ikipoa upesi, uchafu unaganda humo humo katikati. Ikipoa polepole, unazama wote chini ya bonge, asubuhi unaukwangua kwa kisu. Sufuria iwe ile uliyoitoa kwenye kazi ya jikoni moja kwa moja. Nta haibanduki, na ugali wako hautakusamehe.

Sasa mishumaa, na hapa ndipo nilipokasirika. Wanaiuza 2,500 mmoja, imefungwa utepe mzuri, inanukia vizuri, ukiishika unaona umepata zawadi ya kumpelekea mkwe. Washa. Moto unachimba kishimo katikati, kuta za mshumaa zimesimama zinautazama, nta inajaa ndani ya kile kishimo, utambi unazama, giza. Nta yenyewe haina kosa, ni ile ile ya mezani. Kosa ni utambi. Wameweka uzi mwembamba wa nailoni, na uzi huo huo ndio wanaouza kwa mafungu ya 500. Jaribio lake ni rahisi, lifanye pale pale kabla hujatoa hela: choma ncha ya uzi kwa kiberiti. Pamba inaungua ikawa majivu na inanuka karatasi iliyoungua. Nailoni inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Utambi kazi yake ni kunyonya nta iliyoyeyuka na kuipandisha kwenye moto. Uzi usionyonya utaipandishaje?

Nta ya nyuki ikiyeyuka ni nzito kuliko parafini, kwa hiyo inataka utambi mnene kuliko ule wa mshumaa wa dukani. Mimi nanunua uzi mnene wa pamba kwa wauza vifaa vya kufumia, nasuka nyuzi tatu kwa mshumaa wa unene wa kidole gumba. Ukisuka mnene mno moto unakuwa mrefu na kutoa masizi, ukisuka mwembamba unarudi kwenye kishimo cha babu. Kabla ya kuutumia, uchovye utambi kwenye nta, uvute unyooke, uuache ukauke. Ukiruka hatua hiyo usinilaumu.

Kuutengeneza mshumaa nako kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchovya: kopo refu la maziwa ya unga limejaa nta, limesimama ndani ya sufuria ya maji ya moto juu ya jiko la mkaa, unachovya utambi, unatoa, unasubiri ugande, unachovya tena. Kila ukichovya unaongezeka ngozi nyembamba. Haraka haraka humu haipo; ukiuacha sana ndani ya kopo, hata ile ngozi ya mwanzo inayeyuka. Ya pili naipenda zaidi, ni ya bua la jani la mpapai. Bua lina uwazi ndani, limenyooka, na halina gharama. Unakata kipande, unaziba chini kwa udongo wa mfinyanzi, unapitisha utambi katikati na kuufunga juu kwenye kijiti, unamimina. Ikiganda unalichana bua kwa kisu, linatoka mshumaa wenye michirizi ya bua ubavuni. Watoto wanagombania kuchana.

Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo maji ya moto yanaitosha. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto. Ikipitiliza inawaka, na ikiwaka usimwagie maji, funika kwa mfuniko. Watoto wachane mabua, kopo la nta libaki kwa mtu mzima.

Mbona nahangaika hivi wakati mishumaa ya pakiti ipo kila kioski? Kwanza ile ya pakiti kwenye joto letu la Oktoba inainama yenyewe kabatini. Pili ni mambo ya kanisani kwetu. Mwaka 1747 huko Marienborn, Ujerumani, askofu wa Wamoraviani John de Watteville aliwapa watoto mishumaa iliyofungwa utepe mwekundu kwenye ibada ya Krismasi, na desturi ikasambaa na Wamoraviani popote walipokwenda. Huku Unyamwezi walikuja Urambo mwaka 1898. Basi na mimi watoto wangu nawakatia karatasi nyekundu, wanaifanyia vishada kwa mkasi, tunaivalisha shingoni mwa mshumaa. Karatasi inapendeza, na inakinga nta isidondokee vidoleni. Jirani yangu Mlutheri yeye anachukua minne ya shada la Majilio, la majuma ya kungojea Krismasi, lile lililoanzishwa na mwanateolojia Wichern kule Hamburg mwaka 1839. Ujerumani wakati huo majani yamepukutika, wanasuka shada kwa matawi ya misonobari. Sisi mwembe uko mlangoni. Majani ya mwembe yanakaa kijani siku kadhaa, na shada likinyauka unasuka lingine, hakuna aliyewahi kuishiwa majani ya mwembe Tabora.

Kwenye viti nta hii ndiyo imenifurahisha kuliko yote. Sehemu moja ya nta iliyokwanguliwa, sehemu tatu za mafuta ya alizeti kwa uzito, unayeyusha pamoja juu ya maji ya moto, unamimina kwenye kopo. Ikipoa inakuwa laini ya kuchota kwa kidole. Futa kwanza vumbi lote, na vumbi la Oktoba lifutwe mara mbili, kisha paka kidogo kwa kitambaa cha pamba kufuata mistari ya mbao. Acha inywe. Baadaye sugua kwa kitambaa kikavu mpaka mkono uchoke. Mninga uliokuwa umepauka unarudisha wekundu wake, ile mishipa ya kahawia inajitokeza, na sebule inanukia mzinga. Anayependa kung'aa kwa vanishi hataridhika. Hii inatoa mng'ao wa chini, wa kitu kilichoshikwa na watu miaka mingi. Kwenye kiti chenye vanishi tayari usijisumbue, haitapenya. Na ukipaka nyingi kochi litakamata vumbi la mtaa mzima.

Vingine wanavyouza sina maneno mengi. Mafuta ya midomo ni ya kawaida. Asali ni nzuri, lakini asali nzuri Tabora utaikosa wapi? Vijibonge vidogo vya nta vya kupakia uzi wa kushonea viatu ni vya bei nafuu na fundi wangu wa viatu anavisifu.

Huduma: babu ni mstaarabu, anakueleza nta ya leo imetoka wapi na hata ile asiyoipenda anakwambia. Kijana anayemsaidia ni mwingine kabisa. Anapima nta ikiwa ndani ya beseni na kusahau kutoa uzito wa beseni, na ukimkumbusha ananuna. Simama uangalie mshale wa mizani uko kwenye sifuri kabla hajaweka kitu. Risiti inabidi uiombe. Nta wanaifunga kwa gazeti, wino unahamia kwenye nta, kwa hiyo beba mfuko wako wa kitambaa. Malipo ya simu wanapokea.

Nta naipa nyota nne kati ya tano, ya tano nimeizuia kwa sababu ya miguu ya nyuki. Mishumaa nyota moja, tena ya utepe. Wakibadilisha utambi tu nitarudi kuandika upya, maana nimeshamwonyesha babu jaribio la kiberiti na alikitazama kile kidonge cheusi kwa muda mrefu, akamwita kijana wake.

Mwenye nia aende kabla ya katikati ya Novemba. Mvua zikianza njia za vijijini zinaharibika, mabonge mezani yanapungua, na bei nimeshaiona ikipanda. Mchana wa jua kali wanafunga kwenda kula. Nenda asubuhi, babu akiwepo.