Fiziotherapia ya watoto: nyota nne, na sababu zake

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wameipoteza mapokezi, nitafika huko.

Mimi ndiye ninayempeleka mjukuu wangu, maana wazazi wake wako kazini. Ni binti mchangamfu, mdomo hautulii, ila miguu ilikuwa haina habari. Alifika mwaka na miezi minne bado anajiburuza kwa makalio. Ukimsimamisha, huyo, keshakaa. Daktari alimpima, akasema misuli ni milegevu na hakuona ugonjwa mwingine, akatuandikia kliniki ya fiziotherapia.

Nilidhani watamlaza wamchue na kumnyoosha miguu. Wapi! Mtaalamu, dada mdogo tu kiumri, alimweka kwenye mkeka mnene na midoli miwili mitatu, akakaa pembeni anamwangalia. Muda ukayoyoma. Nilikaribia kuuliza kama tumekuja kutazamana. Ndipo akanionyesha: mtoto hapigi magoti kabisa, akitaka kitu kilicho nyuma yake hapindi kiuno, anazunguka mwili mzima kama pia, na akisimamishwa anayakaza magoti kwenda nyuma, ili abebwe na mifupa badala ya misuli. Kila alichotaja nilikiona palepale.

Kazi yenyewe ni mchezo uliopangwa. Aliweka mdoli juu ya kigoda, mbali kidogo na mkono wa mtoto aliyekuwa amepigishwa magoti. Akamshika nyonga kwa viganja viwili, akauegemeza uzito upande wa kushoto, kidogo tu, mguu wa kulia ukabaki mwepesi. Akangoja. Hakuuinua yeye. Mtoto alinung'unika, akaangalia kigoda, kisha mwenyewe akauleta mguu mbele akakanyaga: goti moja chini, unyayo mmoja sakafuni. Akajisukuma juu huku anaguna kama mbeba mizigo. Nilipiga kelele mpaka chumba cha pili wakachungulia.

Hapo ndipo ninapowasifu. Hawamfanyii mtoto zoezi, wanampangia mazingira alifanye mwenyewe. "Bibi, ukimshika kwapani, mgongo na tumbo vinapumzika," aliniambia. "Mshike nyonga, vitafanya kazi." Ubongo wa mtoto hujifunza mwendo kwa kujaribu na kurudia, mguu ukikunjwa na kukunjuliwa na mtu mwingine, mwenye mguu anajifunza kidogo sana. Siku moja tulipokewa na mwingine mwenye haraka zake, akawa anamvuta miguu huku mtoto analia kipindi kizima. Niliomba turudishiwe dada yetu, wakakubali bila maneno.

Hawatishi watu, na hawabembelezi. Nilionyeshwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006: watoto wenye afya njema huanza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 na 17 na nusu hivi, na takriban 4 katika kila 100 hawatambai kwa mikono na magoti hata kidogo. Wetu alikuwa ukingoni mwa viwango hivyo, ndiyo maana hawakutuambia tukangoje. Kile kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea alichonunuliwa na shangazi yake tuliambiwa tukiweke stoo: mtoto ananing'inia, anasukuma kwa ncha za vidole, tena ajali zake si za kitoto. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004. Shangazi amenuna, atazoea.

Wanaokwenda pale hawana lengo moja. Mama mmoja tunayekaa naye benchi, mwanawe ana utindio wa ubongo. Wao hivi sasa hawazungumzii kutembea; wanataka akae wima kwenye kiti cha mikanda bila kuangukia upande, ili mkono ubaki huru kushika kijiko. Kila mzazi anaulizwa nyumbani kunamshinda nini, na mazoezi yanaanzia hapo.

Sasa mapokezi. Unaambiwa saa nne, unaitwa saa tano na nusu, mtoto keshachoka anataka kulala. Mtoto mwenye usingizi hafanyi mazoezi, na pale mapokezi hakuna anayejali hilo. Karatasi za mazoezi ya nyumbani nazo ni nakala ya nakala. Mchoro mmoja sijui ni goti au kiwiko. Nimejichorea za kwangu.

Binti yetu sasa anasimama dede, na anauzunguka ukumbi kwa kushika kiti hadi kiti. Kutembea bado, na mtaalamu amekataa kututajia tarehe. Nampenda kwa hilo.

Ukienda, omba nafasi ya kwanza asubuhi. Mvue mtoto viatu na soksi, vidole vishike sakafu, na chukua mdoli anaoupenda wa nyumbani. Ile ya pale wetu aliichoka mapema.