Makuti ya Mombasa kwa kibanda cha Sukoti: ya kununua na ya kuacha

Waumini wa Kimasihi wa Mombasa, yaani wanaomwamini Yesu na kushika sikukuu za Kiyahudi, hawana haja ya kuagiza kutoka nje kibanda cha Sukoti, sikukuu ya vibanda ya siku saba, kwani miti na makuti viko hapa hapa. Shida ni kwamba makuti yanayopendwa zaidi na wanunuzi ndiyo yasiyofaa kwa Sukoti.

Makuti ya viungo hukunjwa jani kwa jani juu ya ufito na kushonwa, kisha hupangwa yakilaliana hata tone lisipite. Kwa nyumba ni bora. Paa la sukka, kibanda chenyewe cha sikukuu, ni jambo jingine: liwe la mmea uliokatwa, kivuli kizidi jua, nyota zionekane usiku na mvua kubwa ipenye. Walawi 23:43 yataka vizazi vijue kwamba Israeli walikalishwa vibandani. Anayesoma pia Yohana 1:14, Neno akakaa kwetu, yaani akapiga hema kati yetu, hapaswi kujizibia mbingu juma zima.

Basi nunua makuti mabichi yasiyosukwa. Yakikatwa mapema hukauka, vijani vyake hujikunja, na katikati ya juma jua hushinda kivuli. Yakatwe siku moja au mbili kabla, uweke na ya akiba. Kibanda cha mita 2.5 kwa 3 huchukua matawi 10 hadi 12 yaliyokatwa vipande viwili. Fungua mafungu kabla ya kupanga. Mkeka wa kulalia usipande juu, ila ukutani wafaa.

Kwa nguzo tunapendekeza mvinje, unaopandwa mashambani kote Pwani. Mkoko una nguvu zaidi, lakini ukataji wake una masharti. Muulize muuzaji kibali. Nguzo nne, pau za kuzunguka juu, halafu fito kila sentimita 40. Kuta zisipungue mbili kamili na kipande cha tatu. Turubai ni rahisi, ila likifungwa juu tu, kusi hulipeperusha, na ukuta unaoyumba kwa upepo wa kawaida hauhesabiki. Lifunge chini pia, na katikati.

Baraza iliyofunikwa na ghorofa ya juu haifai, wala chini ya mwembe. Paa bapa lililo wazi la nyumba za mjini ndiyo mahali pazuri kupita pote.

Kuhusu matawi ya kutikisa wakati wa ibada, limau la soko la Kongowea si etrogi (tunda la jamii ya limau linaloshikwa pamoja na matawi hayo), na kuti la mnazi halishiki nafasi ya mtende. Jamii zinazofuata Nehemia 8:15, kujenga kwa matawi yaliyopo badala ya kuyatikisa, hazikosi kitu cha maana.

Mwaka 2026 sikukuu inaingia Ijumaa jioni, Septemba 25, pamoja na Sabato, na jua Mombasa huzama karibu saa kumi na mbili na robo. Fremu isimame Jumatano, makuti yafike Alhamisi. Muuzaji akisema ataleta Ijumaa mchana, tafuta mwingine.