Kutembea haraka au kunyanyua vyuma: kipi kikusaidie kupunguza uzito?

Kutembea haraka hakuna gharama. Lenga dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Kosa la kawaida ni kujizawadia: nusu saa humchomea mtu wa kilo 70 takribani kalori 150, na soda moja ya mililita 350 huzirudisha karibu zote.

Mazoezi ya nguvu, kama kunyanyua vyuma, hayachomi kalori nyingi papo hapo, ila ndiyo yanayolinda misuli. Ukipunguza chakula bila kuyafanya, sehemu ya kilo unazopoteza ni misuli, na mwili wenye misuli kidogo hutumia nishati kidogo hata ukiwa umelala. Siku 2 kwa wiki zinatosha: kuchuchumaa, pushapu, kuvuta uzito, kila zoezi seti (raundi) 3 za marudio 8 hadi 12, marudio mawili ya mwisho yawe magumu kweli. Mizani inaweza kugoma wiki za mwanzo, maana misuli iliyochokozwa hushika maji. Pima kiuno kwa tepu.

Hujawahi kufanya mazoezi? Anza kutembea. Lakini kama tayari umepunguza chakula, vyuma vitangulie.