Nimesoma Nadirs ya Herta Müller, uzoefu wangu

Nimekimaliza juzi usiku umeme umekatika, kurasa za mwisho nimesoma kwa tochi ya simu. Kitabu kinaitwa Nadirs, mwandishi ni Herta Müller, kwa Kijerumani alichoandikia mwenyewe kinaitwa Niederungen, yaani kama mabondeni, nchi ya chini. Mi nimesoma cha Kiingereza, tafsiri ya Sieglinde Lug ya mwaka 1999. Chembamba, kurasa kama 120 hivi, nikajua wiki moja nimemaliza. Kimenichukua mwezi na nusu. Na sio kwamba lugha ngumu, hapana, sentensi fupi fupi mtoto wa sekondari anazisoma vizuri tu, ila ukishapiga kurasa tatu inabidi ukiweke chini ukaoshe vyombo kwanza ndo urudi.

Kuhusu kununua, niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni yupo Dar, elfu 28 pamoja na nauli ya basi, siku ya nne nikaenda kukichukua stendi ya Kange hapa Tanga. Nafika nyumbani nafungua, fotokopi! Jalada limeprintiwa vizuri, kwa mbali ni kitabu kabisa. Nikasema sawa nitasoma hivohivo, kumbe katikati ya ile hadithi ndefu kurasa mbili hazipo, unatoka kwenye mambo ya bibi unatua kwenye mengine huelewi umefikaje. Nilimpigia akaomba radhi, wiki mbili baadae akanitumia picha za hizo kurasa wasapu, moja imekatwa pembeni. Ukinunua fungua mzigo hapohapo stendi uhesabu kurasa, usione aibu.

Sasa chenyewe. Ni hadithi kama 15, ile ndefu ndo imebeba jina la kitabu. Mtoto wa kike anakulia kijijini, eneo la Banat, magharibi mwa Romania, na watu wa kijiji chao ni Wajerumani ambao mababu zao walihamia huko karne ya 18 wakabaki na lugha yao. Hapo mwanzo nilikwama kidogo maana sisi wa Tanga Mjerumani tunamjua kwa namna nyingine, ndo aliyeanza reli hapa 1893, mwaka huohuo mkonge ukaingia, boma lake leo ni makumbusho, na waliobeba mataruma na kukata mkonge ni mababu zetu. Mjerumani kichwani kwangu ni mtu wa kutoa amri. Kumuona Mjerumani maskini wa kijijini, anakamua ng'ombe wake mmoja, anaogopa serikali ya nchi ambayo watu wa kabila lake ni wachache, ilinichukua muda kuzoea.

Müller mwenyewe kazaliwa 1953 kijiji cha Nitzkydorf, kwahiyo mengi ni ya kwao kweli japo kayaandika kama hadithi ya kubuni. Baba yake alipigana upande wa SS, kikosi cha chama cha Hitler, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mama yake 1945 alichukuliwa akapelekwa kambi ya kazi za kulazimishwa Umoja wa Kisovieti miaka 5. Ukishajua hayo ndo unaelewa kwanini ndani ya kitabu wazazi hawaongei. Baba analewa anaimba nyimbo za vita. Mama anafagia, ana ufagio wa vyumbani, ufagio wa jikoni, ufagio wa uani, kila sehemu na ufagio wake, anampiga mtoto halafu anarudi kufagia.

Lile la ndama ndo lilinishinda. Mtu haruhusiwi kuchinja ndama wake mwenyewe hivihivi, basi baba anamvunja ndama mguu makusudi, daktari wa mifugo anaitwa, anapewa chake, anaandika kwamba ni ajali, ndama anachinjwa. Mtoto kaona kila kitu na hana wa kumwambia. Mi nimekulia shamba, Muheza, kuchinja nimeona tangu sijajua kusoma, damu hainisumbui. Kilichonishika ni kwamba hapo zizini hamna askari hata mmoja, hamna jela wala picha ya rais ukutani, lakini serikali ipo, ipo kwenye ule mguu. Uongo umetoka huko juu ukateremka ukateremka mpaka ukafika kwa baba mwenye shoka na mtoto wake anamuangalia.

Jumamosi moja nikawa namtafsiria mama, yeye anachambua mchele kwenye ungo mi nimekaa kwenye ngazi ya mlango. Nikaanza na ile fupi ya kuoga, inachekesha mwanzoni, Jumamosi jioni familia nzima inaoga maji yaleyale ya beseni moja, anaanza mtoto mdogo, anafuata mama, baba, bibi, anamalizia babu, kila mtu anajisugua uchafu unatoka kama tambi za kijivu unabaki humohumo, maji yanazidi kuwa meusi, halafu wote wamekaa wamevaa vizuri wanasubiri filamu ya Jumamosi kwenye TV. Mama kacheka kasema hata sie karai moja watoto wanne mwanangu, maji ya kuteka mbali unafanyaje. Nikaendelea na ya ndama. Nikasikia mkono umesimama kwenye ungo.

Kaniambia, "Babu yako naye alichinja mbuzi usiku." Nikamuuliza mbuzi gani mama. Ndo akanisimulia, miaka ya 70 walipokuwa wanahamishwa kwenda kukaa kijiji kipya, babu aliogopa mbuzi wake wataingizwa kwenye mali ya wote, akamchinja usiku nyama wakala bila kuwasha taa, asubuhi watoto wakaambiwa mtu akiwauliza semeni kapotea. Mama alikuwa na miaka kama 12. Sasaivi ana 60 na ushee, mi nina 39, hiyo habari sijawahi kuisikia na wajomba zangu nimewauliza wawili wote wanaikumbuka. Sisemi maisha yetu yalikuwa kama ya Romania ya Ceaușescu, yule dikteta wao, kulinganisha hivyo sio haki. Ila mtoto kufundishwa na baba yake cha kumjibu mtu wa serikali, hilo mama alilitambua kabla sijamaliza ukurasa.

Kilichompata Müller baada ya kuandika nacho mjue. Kitabu kilitoka Bucharest, mji mkuu wa Romania, 1982 wakaguzi wa serikali wameshakikatakata, 1984 kikatoka Berlin. Serikali ilikuwa na kinyongo nae tangu zamani, alikuwa mtafsiri kiwandani, Securitate yaani usalama wa taifa wao wakamtaka awe anawaletea habari za wenzake, akakataa, 1979 akapoteza kazi. Lakini na watu wa kwao wenyewe walimkasirikia sana, hasa kwa ile ya kuoga, wakaona kawavua nguo. Mtu wa pwani hili analielewa haraka maana tumelelewa kwenye stara, ya ndani yanabaki ndani, na mimi naipenda stara sitaki iondoke. Ila nikisoma nilikuwa najiuliza mama kunyamaza miaka 50 kuhusu mbuzi ile ilikuwa stara au ilikuwa woga uliozoeleka mpaka ukapewa jina zuri. Sijapata jibu. Müller alihamia Ujerumani Magharibi 1987, Ceaușescu akapigwa risasi Krismasi ya 1989, Nobel ya fasihi Müller akapewa 2009.

Mapungufu yapo. Kama unataka hadithi yenye mwanzo na mwisho utachoka, mambo yanarukaruka, ndoto inaingia katikati ya chakula cha mchana bila hodi. Ile ya kwanza ya msibani nilirudia mara tatu ndo nikajua ni ndoto, na ina mambo ya ubakaji wa wakati wa vita, msimpe mtoto. Zile za mwisho za mjini kwangu zimepoa, ni kama nimetolewa kijijini kabla sijaaga. Na Kiingereza chake wakati mwingine unahisi kabisa neno la Kijerumani lilikuwa na uzito mwingine.

Natamani mtu atuletee kwa Kiswahili. Abdulrazak Gurnah, yule mwandishi wa Zanzibar, tulimsoma kwa Kiingereza kwanza, ilipokuja Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kitabu chake Paradise, 2022 mimi nilikiona kitabu upya, sauti za watu zikawa za watu ninaowajua. Hiki nacho kingekaa vizuri sana, zizi, ufagio, beseni, kuni, maneno yote tunayo.

Nyota nne kati ya tano, iliyopungua ni ya hizo hadithi za mjini, mambo ya muuzaji sijayaweka humo. Soma asubuhi ukiwa na nafasi, usisome kabla ya kulala.

Mama jana kauliza kama yule ng'ombe aliyebaki bila ndama kitabu kinamtaja tena. Nimemwambia zile kurasa za wasapu sijamsomea bado, Jumamosi tukikaa ntamsomea zote.