Ushauri nasaha chuoni: huduma iko poa, tatizo ni mlango

Naona watu wanaulizia kama hii huduma ya ushauri nasaha inasaidia kweli au imewekwa tu kujazia prospektasi. Chuo sikitaji, kiko hapahapa Dodoma, wenye kujua washajua. Mi nilienda semista ya pili nikiwa na sapu mbili (mitihani ya kurudia), boom, yaani hela ya mkopo, halijaingia, mwenye nyumba wa geto ananigongea kila asubuhi, bi mkubwa nyumbani anaumwa na bado akipiga simu anauliza "masomo yanaendaje baba angu", we unajibu yanaenda mama.

Kilichonikosha, yule madam mshauri hakuniambia kaza. Maana kwetu ushauri ndo huo, kaza mwanangu, wenzio tulisoma kwa kibatari, basi imeisha hiyo. Yeye alinipa fomu ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, unalalaje, unakulaje, unaweza kutulia ukasoma hata gazeti, akajumlisha alama akasema hii siyo hukumu, inatuonyesha tu tuanzie wapi. Kisha akatoa karatasi tukayatenganisha mambo moja moja. Sapu, nenda kwa mwalimu wa kozi ujue umeangukia swali gani kabla hujaanza kudesa upya madesa (notsi) yote. Kodi, mfuate mwenye nyumba wewe kabla hajakufuata, na uende na tarehe mkononi (alikubali nusu, sikuamini). Kukesha vimbwetani, yale mabenchi ya kusomea nje, mpaka saa 10 usiku akanikatalia kabisa, anasema ubongo unahifadhi ulichosoma ukiwa umelala, sasa ukikesha wiki nzima unamsomea nani?

Sapu moja nimetoka, nyingine nimekeri, nitairudia mwakani. Ila sijadisko, yaani sijafukuzwa chuo, na nalala.

Sasa mlango. Jamani nani alichagua ile ofisi? Inafungukia kwenye korido ya foleni ya usajili, bango lina maandishi makubwa kama ya duka la simu, na benchi la kusubiria linatazamana na watu wote. Kuna dada, nadhani fesi yea (mwaka wa kwanza), alipita pale mara kadhaa, akasoma bango, akajiunga na foleni ya usajili ambayo hata haikuwa yake, baadae akaondoka zake. Na kwa mji huu unajua utani ulivyo, ukionekana tu pale washkaji wanaanza "huyu bado Mirembe", ile hospitali ya magonjwa ya akili, kwani Mirembe si hospitali kama zingine, watu wanatibiwa wanarudi makwao? Lakini nenda kamwambie hivyo mtu wa miaka 20 mbele ya darasa zima.

Halafu mshauri ni mmoja kwa chuo chote na saa 9 na nusu anafunga, muda ambao wengi wetu bado tuko kwenye kipindi. Ikifika UE (mitihani ya mwisho wa semista) ndo usiende kabisa, utakaa benchini mpaka ukose pepa.

Kwa hiyo nyota 4, hiyo moja wameila wenyewe kwa mlango. Nenda mapema, kabla tesiti hazijaanza, asubuhi ile foleni ya usajili ikiwa bado haijajaa. Kama unaogopa macho ya watu kuna namba imebandikwa mlangoni, ipige picha kama unapiga ratiba halafu mtumie meseji, anajibu na anaweza kukupangia mkutane ofisi nyingine. Beba kitambulisho cha chuo maana wanaulizia.